Sura ya Tano: Nzuri, Ila

Ukingo wa varanda ya ghorofa ya tatu ulikuwa wa vipande sita vya chuma. Vitano vilikuwa vimesimama mahali pake. Cha sita kilikuwa kimepelekwa kituo cha polisi, kimeegemezwa ukutani nyuma ya kabati la majalada, na hapa juu, mbele ya chumba namba kumi na mbili, nafasi yake ilikuwa imezibwa kwa kamba mbili za manila zilizokatizana kama alama ya kosa kwenye daftari la hesabu.

Inspekta alichuchumaa. Wenzake kituoni walimwita Msasa, kwa sababu hakuwahi kumpigia mtu kelele. Alimkwangua polepole hadi rangi ikatoka. Magoti yake yalilia, naye akayaambia yanyamaze, wote wako kazini.

"Bolti hizi zinang'aa," alisema.

Msimamizi wa bweni alikuwa amesimama nyuma yake na mshipi mzima wa funguo kiunoni. Wanafunzi walimwita Komeo, na hakuwa na habari kwamba hilo halikuwa jina la heshima.

"Tunajitahidi, afande."

"Umezifunga lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani ya babu yako, au zamani ya juzi?"

Komeo alilamba midomo. "Jumapili."

"Msichana ameanguka Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ungefunga kabla, ungeitwa fundi. Umefunga baada, unaitwa shahidi." Msasa aliingiza ncha ya kalamu katika tundu la bolti kwenye nguzo, pale kipande cha sita kilipokuwa. Kalamu ilitoka na unga mwekundu wa kutu. Aliukung'utia ndani ya bahasha, akaandika tarehe. "Kwa hiyo ulijua vimelegea."

"Sikujua! Baada ya ajali ndipo nikavitikisa vyote. Kabla ya hapo sikuletewa karatasi." Komeo alianza kuongea haraka. "Afande, mimi hapa siwezi kununua hata msumari kwa mdomo. Mwanafunzi akilalamika, Dawati la Wanafunzi wanajaza fomu, mimi naletewa nakala ya rangi ya waridi. Hiyo naipeleka stoo, wananipa vifaa. Bila waridi, stoo wananitazama kama ombaomba. Kakague jalada langu. Waridi ya ghorofa ya tatu haipo."

Msasa alikuwa amelikagua tayari, saa mbili asubuhi, kabla Komeo hajaamka vizuri. Kweli haikuwepo.

Alitoa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na utepe wa kitambaa cha buluu, mrefu kama mkono, uliofungwa fundo. "Na huu? Ulikuwa umefungwa kwenye kipande kilichoanguka naye."

"Huo ndio niliowaonyesha kamati ya chuo." Komeo alichangamka, maana huu ulikuwa upande wake. "Aliufunga mwenyewe, wenzake wamekiri. Alama ya hatari. Kwa hiyo alijua. Sasa mtu akilijua shimo, akaliwekea na alama, kisha akatumbukia, utalaumu shimo?"

Ndivyo kamati ya chuo ilivyokuwa imeandika, kwa lugha ya suti: *marehemu alifahamu hatari, hakutoa taarifa kwa njia yoyote iliyowekwa, na kifo kimetokana na uzembe wake*. Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilikuwa inangoja sahihi mbili tu, ya Msasa na ya mzazi, kabla ya saa kumi jioni, Alhamisi hiyo hiyo.

*

Mzazi alikuwa amekaa chini ya ngazi za jengo la ofisi, kwenye benchi, begi la marehemu likiwa kati ya miguu yake. Alikuwa fundi cherehani. Futi ya kitambaa ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Alitoka nayo nyumbani Jumamosi alipopigiwa simu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aivue.

Msasa alikaa kando yake. Alimpa ule mfuko wa plastiki.

Fundi aliutazama bila kuufungua. "Hili ni pindo la sketi yake ya sekondari. Alikuwa anarefuka kama mgomba, nikawa nalishusha kila muhula. Mwishowe halikubaki la kushusha, nikalikata." Aligeuza mfuko. "Huu ushono wa pembeni ni wake. Wangu una sindano za karibu zaidi. Nilimwambia, mwanangu, unashona kama unakimbizwa."

"Wenzake walimwita Pindo."

"Sikujua." Alifikiri kidogo. "Ni jina zuri."

Watu walipanda na kushuka. Kila aliyepita alipunguza sauti ya viatu.

"Mzee," Msasa alisema, "wamekuletea karatasi?"

"Wameniletea. Wameniletea na kalamu." Fundi aliigusa mfukoni. "Afande, mimi si mtu wa kesi. Nataka kitu kimoja tu. Mwanangu alisema, au hakusema? Kama alikiona kile chuma akanyamaza, basi nitatia sahihi, nitaondoka, nitajua nilizaa mzembe. Nitampenda hivyo hivyo. Lakini kama alisema..."

Msasa aliinuka.

"Usitie sahihi kabla sijarudi."

*

Msichana aliyelala chumba kimoja na Pindo alikuwa amekaa kitandani kwake, akitazama kitanda cha pili ambacho sasa kilikuwa godoro tupu.

"Ilikuwaje Jumamosi?" Msasa aliuliza.

"Mvua ilianza ghafla. Nguo zetu zote zilikuwa varandani, za ghorofa nzima. Sisi tulikuwa ndani tunapiga soga. Pindo akatoka kuzianua. Hakuita mtu." Msichana alivuta pumzi. "Sakafu ilikuwa imelowa. Aliteleza. Nilimwona kutoka mlangoni. Mkono wake ukatafuta pa kushika."

"Lakini alijua ukingo ni mbovu."

"Yeye alijua, afande. Mkono haukujua."

Msasa aliandika maneno hayo kama yalivyo. "Aliwahi kumwambia mtu? Msimamizi? Mwalimu?"

"Alikwenda kusema kwenye Dawati. Mara tatu. Jumanne tatu mfululizo, maana Jumanne hatuna kipindi cha saa nne."

Kalamu ya Msasa ilisimama. "Una hakika alikwenda kusema hilo?"

"Alituaga hivyo. 'Naenda kusemea ule ukingo.' Akirudi tunamuuliza, vipi? Anajibu, 'Nimepokelewa vizuri.' Mara ya tatu tukamtania, tukamwambia wewe una mchumba huko juu. Akacheka. Akasema, 'Leo nimeandika.'"

"Ameandika nini? Wapi?"

"Hakusema. Tulikuwa tunacheka, afande. Hatukumuuliza."

*

Dawati la Wanafunzi lilikuwa chumba safi chenye madirisha mawili, chupa ya chai, na bango kubwa ukutani. *Una maoni? Tumbukiza sandukuni. Una malalamiko? Jaza fomu. Una shauri? Omba kikao cha kamati.* Chini yake, kwa kalamu nene ya kijani: *Tunakusikiliza!* Msasa hakuziamini alama za mshangao. Kwa uzoefu wake, mtu anayesikiliza kweli hana haja ya kupaza sauti.

"Karibu, karibu, karibu!" Karani alikuwa mama wa makamo mwenye kilemba kilichofungwa kwa mkono wa mtu mwenye saburi. Chuo kizima kilimwita Mama Karibu, na yeye alilipenda jina hilo. "Habari za kazi, baba? Nyumbani hawajambo? Keti, nikumiminie chai. Nimesikia mmekuja kwa ajili ya yule mtoto. Sijalala, baba. Mtoto mwenye adabu vile!"

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Alikuwa ananijia."

Msasa alikiweka akilini kiambishi hicho, *ni*, akakubali chai.

Walianza na sanduku. Lilikuwa na kufuli mbili, na ufunguo wa pili ulikaa kwa mwalimu mlezi, kwa hiyo walimsubiri afike, afungue, na aondoke huku akitazama saa. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na tisa. Moja ilikuwa ganda la pipi. Moja ilikuwa barua ya mapenzi iliyokosa njia. Na moja, kwa herufi kubwa zilizokandamizwa, ilisema: VYUMA VIMELEGEA MTU ATAUMIA VIKAZWE HARAKA.

Msasa aliipeleka dirishani. Mwandiko haukuwa na pindo wala haya. Aliigeuza. Nyuma, kwa kalamu ile ile: *na nyavu za goli zimechanika pia. Golikipa.*

"Sasa tuone fomu," alisema, akaikunja.

Kitabu cha fomu kilikuwa na nakala tatu kwa kila namba: nyeupe ya ofisi, waridi ya matengenezo, njano ya mlalamikaji. Katika miaka miwili zilikuwa zimetumika nne. Namba tatu haikuwepo. Ilikuwa imechanwa kwenye shina.

"Hii iko wapi?"

"Iliharibika, baba." Karani hakubabaika hata kidogo. Alifungua faili, akatoa nakala zote tatu za namba tatu, zimepigwa mstari kutoka kona hadi kona. Zilihusu cheti kilichokosewa tarehe, mwaka uliopita. Msasa aliyekuwa amenusa windo akajikuta amenusa jikoni kwake mwenyewe.

"Fomu nne kwa miaka miwili. Wanafunzi elfu ngapi?"

"Elfu tatu na mia kidogo." Alisema kwa fahari. "Chuo kimetulia, baba. Mimi huwauliza wote, una malalamiko, mwanangu? Wananiambia hapana, mama, mimi sina malalamiko. Nani anataka kuitwa mlalamishi?"

"Na kikao cha kamati?"

"Huwezi kukifikia bila fomu isiyojibiwa. Ni ngazi. Hukanyagi kidato cha tatu kabla ya cha pili."

"Basi yule msichana alipokuja Jumanne tatu, alikanyaga kidato gani?"

Karani alisukuma mbele daftari kubwa lenye jalada gumu. "Daftari la wageni. Kila anayeingia, namwandika. Utaratibu."

Msasa alilifungua. Safu tano, zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, namba ya usajili, hali, hatua, sahihi. Aliitafuta namba ya marehemu. Ilikuwepo, mara tatu, Jumanne tatu. Mbele ya kila moja, kwa mwandiko mzuri wa karani, chini ya *hali*: Nzuri. Chini ya *hatua*: Hakuna.

"Alikuja kufanya nini, mama?"

"Kunisalimu tu."

"Amepanda ngazi mara tatu kuja kusalimu?"

"Wapo watoto bado wana malezi, baba."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi. Mlango uligongwa. Aliinuka na kikombe chake, akaenda kusimama karibu na bango, akawa mtu anayesoma ukuta.

Aliingia mwanafunzi mrefu, mwenye ndevu za majaribio, ameshika ndoo tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Habari za bweni?"

"Nzuri tu, mama."

Kalamu ikaandika. Msasa, akitazama kwa pembe ya jicho, aliona mkono ukifuata safu ya tatu: *Nzuri*.

"Na masomo?"

"Tunashukuru Mungu."

Kalamu ikahamia safu ya nne. *Hakuna*.

"Nyumbani umewaacha salama?"

"Salama kabisa, mama. Ila..."

"Ahsante kwa kunikumbuka, mwanangu. Weka sahihi hapa. Usinipotee, eh? Wenzako wakishafaulu hawanijui tena."

Kijana aliitazama ndoo yake. Aliutazama mgongo wa Msasa. Kisha akainama, akatia sahihi, akasema ahsante mama, akatoka. Karani alikausha wino kwa karatasi, uso wake umejaa furaha ya kweli, isiyo na hila hata chembe.

Msasa aliweka kikombe. Alimpata kijana kwenye kona ya ukumbi.

"Bwana mdogo. Ila nini?"

"Naam?"

"Mle ndani umesema *ila*. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, sijawahi kuona ila ikitembea peke yake. Ilikuwa imefuatana na nani?"

"Ah. Si kitu, mzee."

"Na hiyo ndoo umeileta ipigwe picha?"

Kijana alicheka bila kupenda. "Bweni letu maji hayatoki. Leo siku ya tisa."

"Siku ya tisa, na mama amekuuliza habari za bweni ukasema nzuri."

"Sasa ningesemaje, mzee? Mtu mzima anakuuliza habari, unamwambia mbaya? Usoni? Unajibu salamu kwanza, ndio useme shida." Alibadilisha ndoo mkono. "Nilikuwa njiani naelekea kusema."

"Utarudi?"

"Jumanne, labda. Akiwa na nafasi."

Msasa alimtazama akiondoka, ndoo ikigonga goti lake. Kisha akarudi ndani, akavuta kiti, akalifungua daftari kurasa za mwanzo, akaanza kusoma. Alisoma safu ya tatu tu, kuanzia juu kwenda chini, kidole kikishuka. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Salama. Nzuri. Hajambo. Nzuri. Alipofika katikati alikuwa ameacha kuhesabu. Humo ndani hakukuwa na bomba bovu, mwalimu mkali, wala choo kilichoziba. Hakukuwa na chuo chenye afya kama hicho duniani. Hata peponi mtu angelalamikia joto.

"Mama," alisema, "hii safu ya tatu unaijaza wakati gani?"

"Mtu akishajibu."

"Akishajibu nini?"

"Nikimuuliza habari."

"Na akiendelea kuongea baada ya hapo?"

Karani alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Tunaongea, baba. Habari za nyumbani..."

Msasa alirudi kwenye Jumanne tatu. *Leo nimeandika.* Fomu hakuandika. Sandukuni hakutumbukiza. Kilichobaki chumbani humu ambacho mkono wa mwanafunzi hukigusa ni kimoja. Aliacha safu ya karani, akahamisha kidole hadi mwisho wa mstari, kwenye sahihi, mahali ambapo hakuna mtu duniani anayesoma.

Jumanne ya kwanza: kitanzi kimoja na mkia mfupi. Jumanne ya pili: kitanzi kile kile, mkia ule ule. Jumanne ya tatu hapakuwa na kitanzi. Palikuwa na mstari mwembamba uliojaa safu kutoka ukingo hadi ukingo, kama ushono.

Alivaa miwani ya kusomea. Haikutosha. Alitoa lenzi mfukoni, akalisogeza daftari kwenye mwanga wa dirisha.

Yalikuwa maneno. Yamebanwa, madogo kama mbegu za ufuta, yameandikwa na mtu anayejua kuingiza kitambaa kirefu ndani ya pindo fupi.

*Nzuri mama, ila ukingo gh. 3 mbele ya chumba 12 umelegea, mtu ataanguka. Naomba*

Baada ya *Naomba* nafasi ilikuwa imekwisha.

Msasa aliangalia tarehe. Akahesabu hadi Jumamosi. Siku kumi na moja.

"Njoo usome, mama."

Karani aliinama juu ya lenzi. Midomo yake ilianza kusoma kabla ya macho kuelewa, na macho yalipoelewa midomo ilisimama kwenye *ila*. Alikaa chini, lakini si kwenye kiti chake. Alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Nilimwambia ana sahihi ya mapambo," alisema. "Nilimsifu. Nilimwambia, mwanangu, sahihi yako ndefu kama ya meneja."

"Akajibu nini?"

"Alisema, 'Utaisoma, mama?' Nikamwambia nitaisoma." Alishika ukingo wa meza. "Nilidhani anatania."

"Siku za nyuma? Zile Jumanne mbili? Alisema *ila*?"

Karani alirudisha macho kwenye Jumanne hizo mbili. Chai ilipoa.

"Alisema. Nakumbuka mara moja alisema, 'Ila kule juu, mama...' Nikamkata. Nikamwambia huko juu tumwachie Mungu." Alilisukuma daftari kando. "Baba, mimi wa kwangu wako mbali. Wanapiga simu sikukuu. Hapa kila siku wanapita wa watu, mlango huu, shikamoo mama, shikamoo mama. Yeye alikuja Jumanne tatu. Nilidhani amenipenda."

"Huenda alikupenda, mama. Watu wa namna yake hawatofautishi kusalimu na kupenda." Msasa alikuwa ameshatoa kitabu cha stakabadhi. Aliandika: *daftari la wageni, moja, jalada gumu, limechukuliwa kama kielelezo*. Akaandika na saa. Akamgeuzia atie sahihi.

Karani alishika kalamu muda mrefu juu ya nafasi ile ndogo kabla ya kuandika jina lake lote, kwa herufi zinazosomeka.

Hapo hapo mezani, Msasa aliichukua karatasi ya kamati. Alipiga mstari juu ya *hakutoa taarifa* na juu ya *uzembe wake*. Pembeni aliandika: *Marehemu alitoa taarifa mara tatu, mara moja kwa maandishi. Taarifa ilisajiliwa kama salamu.* Akatia sahihi yake chini, akaandika saa: tisa na dakika tano.

*

Fundi aliinuka alipomwona anashuka.

"Alisema," Msasa alimwambia kutoka ngazi ya tatu, ili asimwache asubiri hata hatua mbili zaidi.

Fundi aliketi tena. Alipokea daftari mapajani, akapokea lenzi. Alisoma kwa kidole, na kidole kilipofika mwisho kikaendelea kidogo, kikatoka nje ya ukurasa.

"Naomba," alisema. "Naomba nini?"

"Nafasi iliisha."

"Hakuna mstari wa pili?"

"Hapana, mzee."

Fundi aliondoa lenzi. Aliifuta kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa chafu. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia, usiwamwagie watu shida zako mlangoni kama maji ya kuoshea vyombo. Ukiulizwa habari, sema nzuri. Mpe mtu nafasi apumue. Ndipo useme. Nilimchapa mara moja kwa hilo, alipokuwa na miaka sita. Alimjibu shangazi yake kwamba habari mbaya, viatu vinambana." Alimrudishia Msasa lenzi. "Na kweli vilikuwa vinambana."

Msasa alikuwa na maneno ya kazi kwa nyakati hizi, yamekaa tayari kama fomu. Hakuyatoa.

"Yule mama amelificha hili?" fundi aliuliza.

"Hakulificha. Hakulisoma."

"Na mwenye funguo?"

"Hakuletewa karatasi."

"Kwa hiyo hakuna aliyefanya kosa."

"Sijasema hivyo. Ningepata mwizi ingekuwa rahisi, mzee, ningemfunga pingu tukaenda. Hapa nina watu wawili na kila mmoja ameshika utaratibu mkononi. Kesho naanza na aliyezichora zile safu tano."

Fundi alitoa karatasi ya kamati mfukoni mwake, ile nakala yake. Hakuichana. Aliikunja kwa kufuata mikunjo yake ya mwanzo, akaiweka benchini, akaweka kalamu yao juu yake.

"Ile fomu inayotakiwa," alisema. "Iko wapi?"

Walipanda pamoja. Karani alisimama walipoingia. "Kari—" alisema, na neno likamkatikia. Hakuuliza habari. Alitoa kitabu cha fomu, akakifungua kwenye namba tano, akakigeuza kumwelekea fundi, akaweka kipande cha kadi chini ya nakala ya tatu ili wino usipenye.

Fundi aliandika taratibu, futi ikigusa meza kila alipoinama. Kwenye *jina la mlalamikaji* aliandika jina la binti yake. Karani aliliona, akafumbua mdomo, akaufumba. Kwenye *uhusiano* aliandika: mwenyewe. Kwenye *maelezo* alinakili maneno yale kutoka daftarini, yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye *Naomba* akaliacha hivyo hivyo, bila nukta.

Ilibaki safu moja chini kabisa: *Unataka hatua gani ichukuliwe?*

"Hapa huwa watu wanaandika nini?" aliuliza.

"Chochote, baba," karani alisema. "Watengeneze, waombe radhi, walipe. Chochote unachotaka. Majibu hutolewa ndani ya siku kumi na nne."

Fundi alitazama nje ya dirisha, ambako mtu mmoja alikuwa anavuta kamba ya nguo ili iwe juu zaidi. Kisha akaandika neno moja, akaisukuma fomu mbele, akarudisha kalamu.

Karani alivaa miwani yake. Safari hii alisoma hadi mwisho wa mstari.

*Mjibuni.*

Aligonga muhuri. Akachana njano, akampa. Akachana waridi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumtuma nayo, aliishika mwenyewe kwa mikono miwili, akatoka mlangoni akaanza kushuka ngazi kumtafuta mwenye funguo.